Vikonyo vya Kitunguu Saumu

Juzi sokoni Buhongwa nilikuta vikonyo vya maua ya kitunguu saumu vikiuzwa, na harufu yake ikanirudisha bustanini kwetu Misungwi. Mama alikuwa akivikata ili vitunguu vinenepe chini. Baba alikuwa mkulima wa pamba, na kwenye pamba ukikata ua umeua mavuno. Siku moja akamkuta mama akivikata.

“Unaniulia shamba!”

Fimbo ya ng'ombe ikamshukia mama mpaka akaanguka kwenye tuta. Akainuka, akatema udongo, akaokota kisu. Nilifumba macho nikijua anamchoma baba. Nikasikia kacha, kacha: alikuwa anamalizia kukata.

Jioni alivikaanga na dagaa. Baba akala, akasogeza sahani aongezwe. Mama akampakulia kwa mkono wa kushoto. Nilidhani anamdharau, nikafurahi. Kumbe wa kulia ulikuwa hauinuki.