Nilivyomfanya Thomas Cutforth Mtoto wa Nje ya Ndoa

Nimewahi kumharibia mtu kuzaliwa kwake, na mtu mwenyewe alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka mia mbili.

Msicheke. Kaeni hapo, bibi yenu nawasimulia kwa kalamu. Haya nimeyafanya mimi mwenyewe, Beryl, hapa hapa Hagthorpe, Lincolnshire. Wanaoyakumbuka tumebaki watatu, na mmoja wetu hasikii.

Kwanza kitendawili, maana mimi bila kitendawili hata viazi simenyi.

Nyumba yangu haina mlango. Wageni huingia wachanga wanalia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka.

Mmeshindwa? Nipeni mji.

Haya, nimeuchukua. Jibu ni daftari la ubatizo.

Kanisa letu lilikuwa na madaftari ya tangu enzi za wafalme ambao hata majina yao shuleni tuliyaruka. Yalikaa kwenye sanduku la chuma, chumba cha nyuma, na ufunguo ulikaa kwangu. Nilikuwa mfagiaji wa kanisa.

Shule niliishia hii ya kijiji. Lakini yule Kasisi mzee aliyetangulia alinifundisha kusoma mwandiko wa zamani, ile herufi ya S iliyorefuka kama F na wino uliogeuka rangi ya chai. Nikawa fundi.

Watu walikuwa wanatoka Australia, wanatoka Kanada, wanatafuta babu wa babu zao. Kasisi anawaambia, "Muoneni Beryl." Namfungulia mtu daftari, namwonyesha jina, analia. Ananikumbatia na vumbi langu.

Nikavimba kichwa. Nakiri.

Sasa sikilizeni.

Pembeni ya kanisa kuna vinyumba vinne vya matofali. Ni nyumba za wakfu. Mama mmoja tajiri aliziacha miaka mia tatu iliyopita, na hati yake ikasema: akae humo mzee yeyote wa ukoo wa kaka yake huyo mama, mradi ukoo wake wote umezaliwa ndani ya ndoa. Hakuna kodi, hakuna kufukuzwa mpaka ufe.

Mwaka 1976, kile kiangazi cha ukame, nyasi za makaburini zimekuwa kahawia, nyumba namba tatu ikabaki wazi.

Waliodai ni wawili, wote wa ukoo wa huyo kaka.

Wa kwanza, Bi Enid Cutforth. Hakuolewa, miaka sabini na ushee, mpiga kinanda wa kanisa. Aliishi na kaka yake kwenye nyumba ya shamba, kaka akafa, na mwenye shamba akaitaka nyumba yake ampe mfanyakazi mpya.

Wa pili, mama yangu mzazi. Ukoo wa Odling. Alikuwa analala chumba chetu cha nyuma, ukuta unatoa maji, anakohoa mpaka vikombe vinagongana.

Nyumba moja. Wazee wawili.

Kasisi Tranter alikuwa kijana, mgeni kijijini, ametoka Leeds. Akaniita.

"Mama Beryl, hebu pitia koo zote mbili kwenye madaftari. Nani ana haki?"

"Kasisi, mmoja ni mama yangu."

"Najua. Lakini mimi mwandiko ule naona minyoo tu. Nakuamini."

Hilo neno. Mtu akikwambia anakuamini, uangalie unachokwenda kufanya.

Nikafungua sanduku. Ukoo wa mama ulinyooka. John Odling na Mary Sharp walifunga ndoa tarehe 2 Februari 1731, mtoto wao Anne akabatizwa tarehe 8 Novemba 1731. Miezi tisa na siku zake. Safi kama shuka la Jumatatu, siku yetu ya kufua.

Kwenye ubatizo karani aliandika jina la ukoo la baba na la mama, mbalimbali. Nikasema, karani wa siku hizo alipenda kuandika kila kitu.

Nikageukia Cutforth.

Harusi: tarehe 20 Aprili 1730. Ubatizo wa mtoto, Thomas: tarehe 11 Februari 1730.

Nikasoma tena.

Februari kabla ya Aprili. Mtoto kabla ya harusi!

Na hapa niseme kitu ambacho sikumwambia hata mume wangu. Ule mstari wa Thomas uliandikwa chini ya ubatizo wa Desemba. Desemba 1730, halafu chini yake Januari 1730, halafu Februari 1730. Niliona. Niliona kabisa kwamba mwaka umekaa kichwa chini miguu juu.

Nikajiambia karani alichelewa kuandika. Nikafunga daftari kabla sijajiuliza swali la pili.

Kwa penseli nikaandika kwenye karatasi ya Kasisi: *Thomas Cutforth, nje ya ndoa.*

Mama akapata nyumba.

Mimi sikutangaza. Lakini nilimwambia mtu mmoja tu, dada yangu, na dada yangu naye alimwambia mtu mmoja tu. Mpaka Jumamosi duka la Bwana Leake lilikuwa linajua.

Nilikuwa nimepanga foleni pale Bi Enid alipoingia, kofia yake ya bluu kichwani.

"Nusu ratili ya siagi, Bwana Leake."

"Ya halali au ya haramu, Bi Enid?"

Duka zima likaangua kicheko.

Na mimi nikacheka. Kidogo. Kile kicheko cha kutotaka kubaki nyuma.

Bi Enid akahesabu hela zake, akachukua siagi, akanitazama mimi. Si Leake. Mimi.

"Siku njema, Beryl."

Mwezi huo huo akahamia nyumba ya kulea wazee kule Skegness, chumba kimoja, pazia la kupewa. Kinanda cha kanisa kikapigwa na binti aliyejua nyimbo nne.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, akaja mwalimu mstaafu kutoka Kanada, Bwana Stennett. Anatafuta babu yake wa kale. Nikamfungulia, nikapata, nikamshika bega kama nesi.

"Pole, bwana. Babu yako kabatizwa Januari 1738, na wazazi wameoana Juni 1738. Alitangulia harusi."

Yule mzee akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Mama, nikuulize. Siku hizo mwaka mpya ulikuwa unaanza lini?"

"Januari mosi. Lini tena?"

"Hapana. Ulianza tarehe ishirini na tano Machi. Ilikuwa hivyo mpaka serikali yenu ilipobadilisha kalenda mwaka 1752. Januari na Februari zilikuwa mkia wa mwaka, siyo kichwa. Juni wameoana, Krismasi ikapita, Januari wamebatiza, na mwaka bado ni ule ule. Babu yangu ni wa halali kama wewe."

Mimi, mpenda vitendawili, nikawa nimetegwa na mwezi wa Februari.

Alipoondoka nilibaki nimekaa juu ya sanduku, ufagio mkononi. Aprili wameoana. Krismasi imepita. Februari wamebatiza. Miezi kumi kasoro. Thomas Cutforth alikuwa wa halali tangu siku ya kwanza, na nyumba namba tatu mlango wake ulikuwa wa Bi Enid sawa na wetu.

Ukurasa wa kwetu sikuufungua siku ile. Kwa nini? Sijui.

Najua. Mtanisamehe, nitafika.

Niende kwa Kasisi? Nilikwenda. Nilifika mpaka getini. Kisha nikapitia kwa mama, nikamkuta anapanga vikombe kabatini, kifua kimetulia, ananiambia, "Beryl, humu ukuta haulii."

Nikanywa chai. Nikarudi nyumbani.

Nikanyamaza miaka sita. Kila Jumapili yule binti anapiga nyimbo zake nne, na mimi natazama viatu vyangu.

Mama akafa 1983, kitandani kwake, namba tatu. Baada ya maziko nikapanda basi la Skegness na mkate wa zabibu kavu kwenye mfuko.

Bi Enid alikuwa dirishani. Amekonda, lakini kofia ile ile.

"Umechelewa, Beryl," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Maneno niliyoyapanga kwenye basi yote yakaniruka. Nikalia tu, kama wale wachanga wa ubatizo.

"Bi Enid, nilikosea kuhusu Thomas. Mwaka wa zamani…"

"Ulianza ishirini na tano Machi." Akawa anajikatia mkate. "Baba yangu alikuwa karani wa kanisa miaka thelathini, na madaftari yale niliyasoma naye. Kila tarehe ishirini na tano Machi alinipa mkono na kunitakia heri ya mwaka mpya. Nilikuwa najua hilo kabla hujazaliwa."

Nilihisi kiti kinazama.

"Ulijua? Siku ile dukani ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema, Bi Enid? Ungesema neno moja tu!"

Akaweka kisu chini.

"Kwenu Odling mlioana lini?"

"Februari. Februari 1731."

"Na mtoto?"

"Novemba 17…"

Nikahesabu kwa vidole.

Mnaona? Kama Februari ni mkia wa mwaka, basi Novemba ilitangulia. Anne alibatizwa kwanza, wazazi wakaoana miezi mitatu baadaye. Ndiyo maana karani aliandika majina mawili ya ukoo. Walikuwa bado hawajaoana!

Mtoto wa nje ya ndoa alikuwa wetu. Hilo ndilo nililoliogopa siku ya Bwana Stennett, ndiyo maana ukurasa wetu sikuufungua.

"Ningefungua mdomo wangefungua daftari," akasema Bi Enid. "Wangeanza na Cutforth, wangemalizia na Odling, na mama yako angerudi kwenye ule ukuta. Nilimsikia akikohoa kanisani. Nilikuwa napiga kinanda kwa nguvu ili asione haya."

"Bi Enid, wewe ni malaika."

"Koma! Usinifanye malaika nikashindwa kukukasirikia. Nilikuwa na hasira kama nyuki. Nyumba nilimwachia mama yako. Wewe sikukuachia kitu. Nilitaka uje mwenyewe, na nilikusubiri kila Jumapili. Unajua miaka saba ina Jumapili ngapi?"

Nikafuta machozi.

"Nifanye nini sasa?"

"Nyumba siitaki tena, ngazi tu ya hapa inanishinda. Ila jina la Thomas uliliangusha mbele ya watu. Kaliokote mbele ya watu. Useme yote."

"Yote?"

"Yote, Beryl. Na la kwenu."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Oktoba kukawa na chakula cha mavuno kwenye ukumbi wa kijiji. Watu themanini, pai za nguruwe, vitunguu vya siki. Nikaomba kusema neno. Nikapanda jukwaani.

"Ndugu zangu, miaka saba iliyopita nilisoma daftari vibaya. Thomas Cutforth alizaliwa ndani ya ndoa. Bi Enid alikuwa na haki. Kosa ni langu."

Watu wakaacha kutafuna.

Nikavuta pumzi niseme la Anne. Nikamwona binti yangu Rosalind, amekaa na wakwe zake wapya, ananitazama kwa fahari. Nikaona meza ya wasimamizi wa wakfu. Nikamwona mama amelala kwenye kaburi ambalo udongo wake haujakaa sawa.

Bwana Leake, yule yule wa siagi, akaanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukafuata.

Nikashuka, nikakaa chini.

"Umeonyesha ujasiri, mama Beryl!" Kasisi akanipa mkono machozi yakimlenga. Wiki nzima watu wananisimamisha njiani kunisifu kwa ukweli wangu. Kila sifa ilinichoma kuliko tusi. Nimewahi kulaumiwa na nimewahi kusifiwa, na sijaona kitu kizito kama sifa usiyoistahili.

Baada ya siku kumi ikaja kadi kutoka Skegness. Mwandiko mzuri, wa mtoto wa karani. Mstari mmoja:

*Beryl, asante kwa nusu. Enid.*

Nikasema nitakwenda Jumatatu. Nikasema baada ya mvua. Nikasema baada ya Krismasi, nikishamaliza la pili.

Alifariki Januari.

Sasa nina miaka themanini na tano. Wakfu ulibadilisha masharti zamani, siku hizi nyumba anapewa mzee yeyote wa kijiji. Rosalind ni bibi. Ninaloliandika leo halinigharimu chochote, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Nilingoja mpaka ukweli ukawa wa bure.

Wajukuu zangu mnaosoma, kama kuna mtu umemvunjia heshima dukani, usiende kumwomba radhi chumbani. Rudi dukani. Na ukirudi, usishuke jukwaani kwa sababu makofi yameanza.

Haya. Anne Odling, aliyebatizwa Hagthorpe tarehe 8 Novemba 1731, alizaliwa nje ya ndoa. Ni wetu. Mama yangu hakuwa na haki ya nyumba namba tatu, nami nilipojua, nikanyamaza.

Hiyo ndiyo nusu iliyobaki, Bi Enid.