Miraba midogo ya Saada

Siamini bado. Asubuhi hii nimeshika simu nimpigie Saada nimwambie kuna msiba Kaole, maana kila habari mimi naanza kwake. Kidole kiko juu ya jina lake ndipo nikakumbuka msiba wenyewe ni wake.

Tumemzika jana baada ya Adhuhuri. Kabla jeneza halijatoka, sisi wanawake tuko uani, wasifu ukasomwa kwenye spika: alizaliwa Kaole, akasoma, akafanya kazi serikalini, akastaafu. Basi! Hata chai jikoni ilikuwa haijachemka.

Nikasema kwa sauti, "Saada angeukataa wasifu huu. Miraba mikubwa mno." Mama mmoja akanishika mkono akidhani msiba umenichanganya. Ngoja niwaeleze.

Miaka ya sabini tulikuwa ofisi moja Dar. Yeye alikuwa mtaalamu wa hesabu za maji, mimi nilikuwa natoboa kadi. Enzi hizo kompyuta ilikuwa kubwa kama sebule na ulikuwa unailisha kadi zenye matundu. Tena haikuwa yetu, tulikuwa tunasubiri zamu.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo." Akanikata jicho. "Marahaba ya wapi! Mimi nimekuzidi nini? Mtoto wa nani wewe?" Nikamtajia mtaa wetu wa Bagamoyo, kumbe bibi zetu wanajuana. Tangu hapo tukawa mashoga.

Ofisi ilitakiwa ichague mahali pa kivuko, kule mto unapokaribia kuingia baharini. Kompyuta ndiyo ituambie maji ya pale yanakwendaje.

Unachora mto kwenye karatasi, unaugawa miraba. Kila mraba mashine inaupa mwendo mmoja tu wa maji. Miraba ikiwa mikubwa kazi inaisha haraka, lakini maji yanayojizungusha ndani ya mraba mmoja huyaoni kabisa. Kwenye karatasi panasomeka shwari.

Boss alitaka miraba mikubwa. Tukafanya run, yaani mashine ikapiga hesabu yote, jibu likatoka shwari, deadline nayo imefika. Boss akafurahi kweli.

Saada hakufurahi. Miaka ya nyuma mdogo wake, Athumani, alichukuliwa na maji palepale, wanavuka kwenda harusini. Saada mwenyewe alikuwa kwenye chombo kilekile.

"Mwaju," akaniambia, "hapa maji yanarudi nyuma. Nimeyaona kwa macho yangu. Watu watapita hapa na watoto mgongoni."

Akaenda kwa boss. Hakupaza sauti, Saada hakuwahi kupaza sauti. "Bwana mkubwa, mashine haijasema hapa pako shwari. Imesema haioni."

"Na miraba midogo mto mzima utaiweka wapi, mama? Mashine itabeba?"

Ukweli ni kwamba isingebeba. Saada akarudi mezani akachora upya. Huku baharini akaacha miraba mikubwa, na kadiri anavyousogelea ukingo wa pale kivukoni akawa anaipunguza, anaipunguza, mpaka ikabanana kama mshono wa kofia. Mama yake alikuwa mshona kofia, kwa hiyo mkono wake ulikuwa umezoea vitu vidogo.

Run ya kwanza, jamani! Karatasi zilitoka zimejaa nyota mwanzo mpaka mwisho. Namba ikiishinda nafasi yake, mashine inachapa nyota. Tulipunguza miraba tukasahau kupunguza hatua za muda, yaani kila baada ya sekunde ngapi mashine ihesabu tena, kwa hiyo maji yakawa yanaruka mraba mzima kabla hesabu haijayafikia. Mimi nataka kulia, mwenzangu anacheka mpaka amekaa chini.

"Tumepiga ramli, shoga. Toboa upya."

Nikatoboa upya. Yeye ananimenyea machungwa na kunilisha kipande kimoja kimoja, nisije nikalowesha kadi.

Karatasi za safari hii zilitoka na namba. Saada akawa anazisoma, mimi nachora mishale kwa penseli kufuata anavyosema. Mishale ikaenda vizuri, ikaenda, ilipofika karibu na ukingo ikaanza kupinda. Ikageuka. Ikarudi ilikotoka.

Saada akaacha kusoma. Akaweka kidole katikati ya ile mishale, akasema, "Athumani."

Nikafunga mlango wa ofisi. Tulilia sana siku ile.

Boss aliziangalia zile karatasi kwa muda mrefu, halafu akasaini. Kivuko kikahamishiwa juu zaidi, kwenye maji yaliyotulia. Watu walivuka pale miaka mingi, na hakuna aliyejua kuna mtu wa kumshukuru.

Hilo kwenye wasifu halimo. Wala machungwa hayamo. Wala ile tabia yake ya kupigia mstari makosa yangu kwa penseli nyekundu halafu ananipelekea kitumbua ili nisinune. Wala kwamba hakuwahi kupita karibu na ule mto bila kusimama na kumwombea mdogo wake.

Alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akastaafu. Ukimsoma hivyo, Saada anasomeka shwari. Mimi ndiyo maana nimekaa hapa naandika vipande vidogo vidogo, ili na ninyi mumwone.

Saada, nimekukumbuka mwenzio. Natamani hata ile penseli yako nyekundu. Natamani kesho, Ijumaa, simu iite baada ya swala uniulize, "Umekula nini?" kabla hata ya salamu. Nitakaa karibu na simu, najijua.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akupanulie kaburi lako.

Haya, lala salama shoga yangu. Ukimwona Athumani, mwambie yale maji tuliyaona.