Poda ya Dokta

Mtaa mzima wa Katoyi unamwita Dokta, ingawa tasnifu yake ya sayansi ya siasa haijapita. Inahusu kwa nini raia huwatii wakubwa bila kulazimishwa, na utafiti anaufanya kwa bidii: anambebea profesa wake mkoba, mvua ikinyesha anamshikia mwavuli, mwenyewe akilowa chapachapa. Jana, akiingia garini, profesa alimwambia, "Anza upya." "Asante sana, Prof," akajibu, akaufunga mlango polepole usije ukapiga kelele. Nyumbani mkewe, Masika, aliposikia hayo alifungua kopo la poda alilotunza ili ammwagie kichwani siku ya kuhitimu, kama ilivyo desturi, akaanza kumpaka mutoto wao mchanga matakoni.

"Usiimalize, mama," Dokta alisihi.

"Tulia, papa. Huyu ndiye atakutangulia kuhitimu."