Gari la Kutupeleka Loitokitok

Mume wangu alipowekewa mashine ya oksijeni nyumbani kwetu Kitengela, dunia yake ilibaki na urefu wa ule mpira wa puani. Kutoka kitandani ulimfikisha mlangoni, basi. Hapo ndipo alishinda ameketi, akitazama gari tulilolinunua tukiwa bado na nguvu: gari kuukuu la Kijapani lenye kitanda, sinki, na betri za ziada chini ya benchi. Tulitaka kuzunguka nchi tukistaafu. Sasa alitaka safari moja tu, kwenda Loitokitok kuona shamba lake la nyanya na mlima unaolitazama. Betri zile zingeendesha mashine yake njiani. Hatukuwa na mpango mwingine.

Lakini betri zilikataa kujaa.

Kosa la kwanza lilikuwa letu sote. Chaja ilikuwa na kibandiko cha Kijapani. Huku kwetu magari hutuongelesha Kijapani kila tukiyawasha. Kuna mwanamke ndani ya dashibodi anayelalamika, nasi tunamwacha amalize, tunaenda zetu. Kwa hiyo nilichomeka waya kwenye stima ya nyumba bila wasiwasi wowote. Moshi ukafuka, plastiki ikanuka, chaja ikanyamaza. Fundi alikuja akatueleza kwamba kule Japani umeme wao una nguvu kama nusu ya wetu, na kwamba bila shaka kibandiko kilisema hivyo. Mume wangu alicheka mpaka akakosa pumzi. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Tukapata chaja nyingine. Taa za gari zikawaka, naye akapiga makofi pale mlangoni. Tulipounganisha mashine ya pili ya oksijeni, ile ya akiba, ili kujaribu betri, ilifanya kazi kidogo, kisha ikaanza kulia king'ora.

“Mathe, hizi betri zimekufa,” fundi akasema.

Tukaweka mpya. Ikalia.

“Basi ni inveta,” akasema, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Tukabadilisha hicho pia. Ikalia. Nikamwambia kilichobaki ni kunibadilisha mimi.

Kila jioni mume wangu aliniuliza, “Mama, imeshika?”

“Bado, mzee.”

“Kesho itashika.”

Niliichukia hiyo kesho yake. Ningependa angenigombeza, au angelitukana lile gari, nijue kwamba na yeye amechoka. Halafu akaacha kuja mlangoni. Mpira ulikuwa bado unafika. Miguu ndiyo ilishindwa.

Ugonjwa wa gari niliupata kwa mgongo. Siku moja niliingia humo kulia, maana ndani ya nyumba angenisikia. Ile mashine ya akiba ilikuwa inanguruma kwa majaribio, nami nikaegemea kabati, nikahisi joto. Nikabandua ubao. Waya mweusi wa betri ulikuwa umefungwa kwa skrubu kwenye bodi ya gari, juu ya rangi na kutu, umeme haupiti vizuri, na tepu yake imeungua. Miezi yote ile, na shida ilikuwa nyuma ya kabati la vikombe.

Fundi akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mnene zaidi. Mashine ikanguruma mchana kutwa. Nilikimbia chumbani.

“Imeshika, mzee!”

Akafungua macho. “Sawa,” akasema, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha kwa watu wengine.

Alifariki wiki ileile.

Tulimpeleka Loitokitok kumzika. Gari la maiti lilitangulia, nami nikafuata katika gari letu, shemeji yangu akiendesha. Pale getini, kabla hatujaondoka, niliiwasha ile mashine ya akiba. Shemeji alinitazama, akawasha gari. Tukapita Isinya, tukapita mji wa Kajiado, mpira wake umelala juu ya kitanda ukipuliza hewa ambayo haikuwa ya mtu. Nilikaa kando yake nikiomba izime. Ingezima tu, hata karibu na shamba, ningejua kwamba hata tungeondoka mapema tusingefika naye akiwa hai, na roho yangu ingetulia.

Tuliingia shambani ikiwa bado inanguruma.