Chupa Iliyovaa Soksi

Si kweli kwamba binti wa nyumba hii anapika dawa za mapenzi. Ni mtaalamu wa maabara, na chupa zake za dirishani zina maji, madini ya chuma na bakteria. Kila asubuhi hubonyeza vizibo kwa kidole gumba, hewa isipenye, huku akiimba puani.

Juzi maji ya chupa moja yalipogeuka rangi ya kutu, jirani alimcheka mbele ya mama yake: "Hewa imeingia, mwanangu. Kazi bure." Binti akavua soksi nyeusi ya marehemu baba yake iliyofunika chupa pacha, yenye vitu vilevile na kizibo kilekile. Maji yake yalikuwa angavu. "Ingekuwa hewa, shangazi, hata hii ingeota kutu. Hii ilinyimwa mwanga tu. Wadudu hawa hujilisha kwa mwanga na chuma, wakaacha kutu. Oksijeni hawatoi hata chembe, si kama mimea." Safari hii mama ndiye aliyecheka. Jirani alijibu nini? Hilo halitoki nje ya nyumba hii.