Baada ya Amina

Mjukuu wangu anaandika programu za kompyuta Arua. Alitengeneza moja ya kutuma sauti, akanirekodi hapa Ludara nikimsalimia mama wa mchumba wake. Nilimtania kidogo kuhusu usingizi wa mchumba huyo, nikamaliza kwa baraka. Tulipojaribu kusikiliza, baada ya amina sauti yangu ikarudia utani ule: "Kijana wenu apunguze kulala."

Mjukuu akashika kichwa. "Bibi, mara moja atacheka. Mara mbili, harusi iko wapi?"

"Programu yako inabebaje maneno?"

"Inachota kidogo kidogo, kama kwa kikombe. Ya zamani yanakaa humo mpaka mapya yayafunike."

"Na kikombe cha mwisho kinajaa?"

"Hapana, kinafika nusu."

"Basi nusu ya juu ni maneno ya zamani, na wewe unatuma yote! Tuma yale yaliyoingia tu, msomi wewe."

Akatengeneza, akanirekodi upya. Programu haikurudia kitu. Baada ya amina nikarudia mwenyewe ule utani wa usingizi, naye, macho kwenye kompyuta, akatuma bila kusikiliza.

Jioni mama yule akapiga simu. Mjukuu akaipokea. "Mwambie Bibi aseme mara ya tatu," sauti ikacheka. "Huyu kijana wetu bado amelala."