Barua Mbili, Baba Mmoja

Mtu akisema mbele yangu kwamba serikali ya zile enzi ilitusomesha bure, nakubali, maana ni kweli. Ila huwa naongeza kwamba serikali hiyo hiyo ilitutuma mwisho wa nchi tukiwa watoto, na hakuna hata mtu mmoja ofisini aliyejiuliza tutalala wapi njiani.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, kaka yangu kumi na saba. Kwetu ni Tlawi, huku juu Mbulu. Mwaka ule tulichaguliwa wote wawili, mimi kidato cha kwanza, yeye cha tano, katika shule mbili za mkoa wa Lindi. Tuliambiwa vijana wasome mbali na kwao ili wananchi wajuane. Sikuwa na ubishi na jambo hilo, na hata leo sina.

Baba alivaa koti lake la kanisani, tukashuka naye mjini Mbulu kuchukua waranti za kusafiria. Alimwuliza karani wa elimu swali moja tu.

"Wakifika Dar es Salaam watalala wapi? Nasikia basi la kusini halitoki kila siku."

"Mzee, hawa sasa ni watoto wa serikali," karani alijibu huku akiendelea kuandika. "Watakuwa na barua. Barua inatosha."

Barua zenyewe ziliandikwa na katibu wa kijiji chetu, ya kaka Jumatatu, yangu Alhamisi. Jina la baba ni la Kiiraqw, halikai vizuri katika herufi za Kiswahili, na katibu aliliandika namna mbili tofauti. Baba hakujua kusoma. Kaka aliliona kosa lile tukiwa tayari ndani ya basi la Arusha, akasema si kitu, mhuri ni ule ule.

Tulifika Dar es Salaam siku ya pili, saa nane mchana. Mimi nilikuwa bado nimevaa sweta, kwa sababu sanduku letu la bati lilikuwa limejaa na sikuwa na pa kuweka sweta hilo. Pale stendi tuliambiwa basi la Lindi litaondoka keshokutwa alfajiri. Kwa hiyo zilikuwa siku mbili za kukaa katika mji ambao hatukumjua mtu hata mmoja.

Gesti ya kwanza ilikuwa safi, na mwenyewe alikuwa mama mtu mzima aliyekaa mlangoni akichambua mchele. Tulimwamkia shikamoo, akaitika vizuri. Kaka akamwambia tunaomba vyumba viwili vya bei ndogo, au kimoja chenye vitanda viwili.

"Huyu binti ni nani kwako?"

"Ni mdogo wangu, mama. Baba mmoja, mama mmoja."

Akaomba barua. Alizisoma zote mbili, akazilaza juu ya ungo wa mchele, moja kando ya nyingine, akaweka kidole kwenye jina la baba, kwanza huku, kisha kule.

"Hawa ni baba wawili," akasema. "Na wewe kijana una ndevu tayari. Mimi hapa silazi wanafunzi na wasichana wao."

Kaka alimweleza habari ya katibu. Alimweleza taratibu, kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akatuambia kama tunasema kweli tulete karatasi kutoka tawi la chama la mtaa ule. Nilikuwa nimeshika mpini wa sanduku, na nakumbuka niliona aibu kana kwamba kweli nimefanya jambo baya. Aibu ile ndiyo inayoniudhi zaidi. Nilikuwa mtoto na nilikuwa na kaka yangu, basi.

Tukaenda tawini. Ofisi ilikuwa wazi na ndani mlikuwa na mtu mmoja, mwenye daftari kubwa la wageni. Alitukaribisha kwa neno la ndugu, akatupa benchi. Nikafikiri mambo yameisha.

"Mmefikia nyumba namba ngapi?" akauliza.

"Hatujafikia popote, ndugu," kaka akasema. "Gesti wanataka karatasi yako ndipo watupokee."

"Na mimi siwezi kutoa karatasi mpaka nijue mmefikia wapi. Mgeni anaandikishwa na balozi wa nyumba kumi anakolala."

"Sasa tutalala wapi ili tuandikishwe?"

"Hilo ni lenu, vijana. Mimi naandika tu." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba tusikae barabarani na sanduku, kwa kuwa mgambo wanakamata wazururaji na kuwarudisha vijijini.

Kaka akasimama. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Kijijini ndiko wametutoa," akasema. "Wametutoa kwa barua na waranti." Yule mtu alikuwa amekwisha fungua gazeti.

Gesti ya pili ilikuwa nyuma ya soko. Mwenye zamu alikuwa kijana mwenye shati zuri, na yeye hakutaka barua wala karatasi. Alinitazama mimi, akamwambia kaka kwamba chumba kipo kimoja, kitanda kimoja, na mimi sitalipa kitu. Yeye kaka atafute pa kujibanza huko stendi na kunifuata keshokutwa. Kaka alilipandisha sanduku kichwani, akanishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma, tukatoka. Tulitembea mitaa mitatu hivi kabla hajaniachia. Wa kwanza alitukataa kwa sababu ya heshima, na huyu alitaka kunipokea kwa sababu hana. Katikati ya hao wawili hapakuwa na mlango mwingine wa watoto wanaosafiri peke yao katika mji mzima wa taifa lililokuwa likituimbisha kila asubuhi kwamba sisi ndio taifa la kesho.

Jua lilikuwa limeanza kupungua nguvu. Tulikaa ukutani, tukala viazi vitamu vya mwisho alivyotuchemshia mama. Hapo ndipo nikakumbuka Haydom. Miaka miwili nyuma mama alilazwa kule hospitali, na mimi na shangazi tulilala wiki nzima katika kibanda cha watu wanaouguza ndugu zao. Hakuna aliyetuuliza tumetoka tawi gani.

"Hospitali kubwa ya hapa lazima ina mahali kama pale," nikamwambia kaka.

"Lakini sisi hatuna mgonjwa."

"Tukafike kwanza."

Tuliuliza njia mpaka tukafika. Nyuma ya wodi, kwenye majiko, akina mama wengi walikuwa wakipika uji, na mmoja alikuwa akiugombeza moto wake uliokataa kuwaka, kwa Kiiraqw. Sijawahi kuisikia lugha yetu ikiwa tamu namna ile. Nikapiga magoti nikamwamkia kwa lugha hiyo hiyo. Aliduwaa. Alikuwa anatoka Gendabi, Hanang, na mume wake alikuwa ameletwa huku kwa ajili ya uvimbe wa shingoni. Tulimweleza yote. Tulipofika mahali pa kijana wa shati zuri aliweka mwiko chini.

Baadaye kidogo alipita muuguzi wa zamu, mtu wa pwani, amejifunga ushungi mweupe juu ya sare.

"Mama, jana hukuwa na watoto," akasema.

"Wamefika leo."

"Wote hawa wawili?"

"Wote wawili. Ni wangu."

Muuguzi aliliangalia sanduku letu, ambalo lilikuwa limeandikwa kwa rangi jina la shule. Akaliangalia na sweta langu. "Binti alale humu na akina mama," akasema. "Kijana aende kile kibanda cha wanaume. Na binti avue hilo sweta, ataugua." Akaenda zake.

Tulikaa pale siku zote mbili. Kaka alichota maji kwa ajili ya jiko zima, nami nilifua mashuka ya mzee wa Gendabi na kumpelekea uji. Tuliwatumikia kwa moyo. Lakini nataka ieleweke kwamba ili watoto wawili wa serikali walale salama, mwanamke mwenye mume mgonjwa ilibidi aseme uongo, na muuguzi ilibidi aukubali. Waliokuwa na mihuri walisema kweli tupu, na kweli yao ilituacha nje.

Likizo ya kwanza baba alitupeleka tena kwa karani. Nilisimulia mimi, kwa sababu kaka alikataa kurudia maneno ya ile gesti ya pili mbele ya baba. Karani alisikiliza, akatabasamu.

"Lakini mlifika," akasema.

Baba alikuwa mtu mpole. Siku ile alivuta kiti, akaketi, akasema haondoki mpaka paandikwe mahali watoto wa mwaka ujao watakapolala. Tulikaa mpaka ofisi inakaribia kufungwa. Mwishowe karani alisema kama tunaijua nyumba yoyote Dar es Salaam tuilete, ataiandika kwenye barua za wote.

Jumapili hiyo baba alimwuliza mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi, Mwislamu wa kutoka Bagamoyo aliyekuwa amefundisha Tlawi miaka saba. Mwalimu akasema, "Dada yangu anakaa Temeke, na ana ua mkubwa. Kwa nini hamkuniambia kabla hawajasafiri?"

Hatukumwambia kwa sababu tuliambiwa barua inatosha. Na yeye hakuna ofisi iliyowahi kumwuliza, ingawa kila mwezi alifika pale pale Mbulu kuchukua mshahara wake, dirisha la pili kutoka kwa karani.

Mwaka uliofuata watoto watano walilala Temeke kwa yule dada, wasichana ndani, wavulana uani, na wote walifika shuleni. Mzee wa Gendabi alipona akarudi kwake. Tulimpelekea maharage, na mkewe akawacheka watu waliotuona mchumba na mchumba. Kaka alicheka naye. Mimi sikucheka.